Karatasi ya Kazi Wasizofanya: Tathmini ya Watunza Bustani Wetu wa Mbezi Beach

Karatasi waliyoniachia siku ya kwanza ilikuwa na safu mbili. Ya kushoto ilitaja kazi wanazofanya, nayo ilikuwa na mistari 6. Ya kulia ilitaja kazi wasizofanya, nayo ilikuwa na mistari 11. Kiongozi wao alikuwa ametembea uani kwetu kwa karibu dakika 40, akipima eneo kwa hatua, akichimbua udongo kwa kidole na kutazama kivuli cha mwembe kinaishia wapi saa nne asubuhi, kisha akaniomba nianze kusoma safu ya kulia. Nilikaribia kuwaacha waende zao. Nilikuwa natafuta mtu wa kunipunguzia mzigo, na huyu alianza kwa kunionyesha ule ambao hataubeba.

Sasa ni mwezi wa 14 tangu waanze kutuhudumia, na ninaandika tathmini hii kwa sababu nimekuja kuamini kwamba safu ile ya kulia ndiyo kitu cha thamani zaidi walichoniuzia. Sitaji jina la kikundi, kwa kuwa wenyewe wameniomba nisiwatangaze: wanahudumia nyumba 22 kati ya Tangi Bovu na Afrikana, na hawataki kuongeza ya 23 kabla ya kupata mashine nyingine na mtu wa kuiendesha. Hata hivyo, anayetafuta huduma ya namna hii popote alipo, na kijana anayefikiria kuianzisha, wanaweza kupata faida katika niliyoyaona.

Kabla yao tulikuwa na fundi wa bustani aliyekubali kila alichoombwa. Alikata nyasi, akapogoa miti, akazibua chemba, akapaka ukuta chokaa, akafunga antena, na sisi tulimsifu kwa wepesi wake. Mgao wa maji wa Oktoba 2022, pale maji ya Mto Ruvu yaliposhuka na jiji la Dar es Salaam likawa linapata maji kwa zamu, uliikausha karibu nusu ya bustani yetu, na mvua ziliporudi kilichoota katika mapengo hakikuwa ukoka bali ndago. Asiyeijua ndago huidhani ni jani la kung'oa likaisha. Chini ya udongo ina viazi vidogo vilivyoungana kama punje za tasbihi. Ukivuta shina, viazi hubaki, na ukipiga jembe unavitenganisha na kuvitawanya, kila kimoja kikaota kivyake. Fundi wetu alisema ataimaliza kwa dawa. Alinunua dawa ya glaifosati, ambayo huua karibu kila mmea wa kijani inaougusa majanini, akainyunyizia mchana wa upepo. Baada ya wiki mbili ukoka uliokuwa umesalia ulikuwa wa manjano, matuta mawili ya mchicha ya jirani yetu yalikuwa yamenyauka, na haukupita muda mrefu ndago ikaanza kuchipua tena kutoka kwenye viazi ambavyo dawa haikuvifikia. Nililipa dawa, nikalipa nyasi mpya, nikamlipa jirani mchicha wake, na lililoniuma zaidi ni kwenda kumwomba radhi mama yule ambaye mboga hizo ndizo zilizokuwa zikimwendeshea nyumba.

Kwa hiyo nilipofika mstari wa pili wa safu ya kulia, nilisimama. Uliandikwa hivi: «Hatunyunyizii dawa ya kuua magugu wala wadudu.» Nilimwuliza sababu, akajibu bila kuzungukazunguka kwamba kunyunyizia viuatilifu kwa malipo ni kazi yenye taratibu zake chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwamba yeye na wenzake hawajasomea kazi hiyo wala hawajasajiliwa kuifanya, na kwamba hawana mavazi ya kuwakinga. Mteja anayetaka dawa humwelekeza kwa watu wenye kibali, nao wenyewe hawaingii katika bustani hiyo hadi siku saba zipite.

Badala ya dawa, walinieleza namna wanavyoishughulikia ndago kwa mikono. Huchagua kipande cha mita moja ya mraba, wakachimbua udongo kwa jembe uma hadi kina cha kama sentimita 25, wakaupitisha kwenye chekecheke, wakaviokota viazi na kuvitia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha wakarudisha udongo na kupanda vipande vya ukoka vilivyobanana. Kila ziara hufanya mita mbili tu, wala hawazidishi hata ukiwabembeleza, kwa kuwa ndiyo inayoweza kufanyika kwa uangalifu ndani ya muda uliopangwa. Aliniambia pia jambo ambalo fundi wa kwanza hakuthubutu kuniambia, kwamba ndago haitaisha, itapungua, na kwamba nyasi zenye afya zilizofunga vizuri huinyima mwanga kuliko juhudi nyingine yoyote. Tulianza na eneo la kama mita 30 za mraba lililovamiwa. Leo zimebaki chini ya tano, na zote ziko kando ya ukuta, mahali ambapo viazi vinaingia kutoka upande wa pili.

Kazi yenyewe ya kukata nyasi wanaifanya kwa kiwango ambacho sijakiona kwingine mtaani kwetu. Sehemu tambarare hukatwa kwa mashine ya kusukuma yenye magurudumu, na ile ya kubeba begani hutumika kwenye kingo na kandokando ya miti tu, kwa sababu mikononi mwa mtu mwenye haraka mashine ya begani hukwangua ardhi na kuacha mabaka ya mchanga mtupu. Hawaondoi zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Nyasi zikiwa zimerefuka sana kwa sababu ya mvua, hukata kidogo, wakarudi baada ya siku chache kumalizia, na ziara hiyo ya pili hulipiwa nusu ya bei. Wateja wengi, mimi nikiwa mmoja wao hapo mwanzo, hudai nyasi zinyolewe mpaka chini ili zikae muda mrefu bila kukatwa tena. Mstari wa nne wa safu ya kulia unalikataa hilo moja kwa moja. Nimeona maana yake katika kiangazi cha Juni hadi Septemba: bustani za majirani walionyoa chini ziligeuka kahawia mapema, ilhali yetu, iliyoachwa na urefu wa kama sentimita nne, iliufunika udongo wake yenyewe na kutunza unyevu.

Walinikatalia pia nyasi nilizozipenda. Nilitaka tuondoe ukoka tuweke nyasi laini zenye jani pana nilizoziona katika bustani moja ya hoteli. Kiongozi wao alifungua bomba la kisima chetu, akayaonja maji, akauliza kama tunamwagilia kwa maji hayo mwaka mzima. Visima vingi vya ukanda huu karibu na bahari vina chumvi, na chetu ni kimojawapo. Alisema wako tayari kupanda ukoka au pasipalamu, kwa kuwa zote mbili huvumilia chumvi, pasipalamu zaidi; nyingine yoyote nikiitaka, nitafute wa kuipanda na wa kuitunza, wao hawatachukua fedha zangu kwa kazi wanayojua itakufa. Tulipanda pasipalamu upande wa baraza, nayo imeshika vizuri. Chini ya mwembe hawakupanda chochote. Walinieleza kwamba nyasi hizo zote zinahitaji jua la kutosha na kwamba pale pangefaa changarawe au maua ya kivulini, wakaniachia uamuzi.

Kuhusu mbolea wana msimamo uleule. Hutia yurea mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa masika na mwanzoni mwa vuli, kilo moja kwa kila mita 100 za mraba, na ni lazima udongo uwe na unyevu na maji ya kuimwagilia mara moja yawepo. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni, na ikiachwa juu ya jani kavu penye jua huunguza. Novemba mwaka jana walikuja na mbolea, wakakuta tanki letu tupu na mbingu haina dalili ya mvua, wakaondoka na mfuko wao bila kutudai kitu kwa siku hiyo.

Mpaka ulionichukua muda kuukubali ni ule wa usalama. Mashine ya begani ikiwaka, hawataki mtu, mnyama wala gari ndani ya mita 15, na umbali huo umeandikwa hata kwenye vitabu vya maelekezo vya mashine nyingi za aina hiyo, kwa sababu uzi au kisu kinachozunguka kinaweza kurusha jiwe kwa kasi ya kutosha kuvunja kioo au kutoboa jicho. Uani kwetu kupata mita 15 si rahisi. Inabidi gari litolewe nje, kamba za nguo ziondolewe, na watoto wabaki ndani na mlango umefungwa. Mara mbili mwanangu mdogo alichungulia barazani na mara mbili mashine ikazimwa papo hapo, kazi ikasimama hadi arudi ndani. Siku hizo nililalamika moyoni kwamba muda unapotea. Kisha nikaliona jiwe lililojichimbia kwenye plasta ya ukuta, usawa wa kifua cha mtoto, na tangu hapo gari nalitoa mwenyewe kabla hawajafika.

Jambo lililonifanya niwaheshimu kabisa lilitokea mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga. Uani tuna minazi miwili, na asubuhi ile aliwaona vijana wana ngazi na panga. Akamwita kiongozi wao.

«Shikamoo, mama.»

«Marahaba, mwanangu. Hebu niangulie madafu mawili matatu tu, ngazi si unayo?»

Kijana aliweka reki chini, akamsogelea. «Mama, naomba uniwie radhi. Mimi si mkwezi, na hawa wenzangu si wakwezi. Kijana akidondoka pale juu, nitakwenda kumwambia nini mama yake? Ila kuna mzee mkwezi ninayemfahamu, anakaa huko chini karibu na pwani. Nikimpigia simu sasa hivi, kesho asubuhi atakuwa hapa.»

Mimi nilikuwa dirishani na nilitaka kutoka nikamwambie apande tu, maana kumnyima mama mkwe madafu mbele ya wajukuu si jambo dogo. Lakini mama alinyamaza kidogo, akasema, «Haya baba, mlete huyo mzee.» Mkwezi alifika alfajiri, akakwea kwa kamba yake ya miguuni, akaangua madafu na nazi, akasafisha makuti makavu, akalipwa kwa mnazi kama ilivyo desturi, na kabla ya saa moja na nusu alikuwa amekwisha kuondoka. Jioni ile mama mkwe alisema kwamba kijana yule amelelewa. Kwao Tanga ukwezi ni kazi ya watu wanaojulikana, na anayepanda mnazi kwa kuona haya kukataa ndiye anayeanguka.

Baadaye nilimwuliza kiongozi huyo imekuwaje wakafikia mistari 11. Alisema mwaka wao wa kwanza hawakuwa na karatasi yoyote, walikubali kila kitu kwa hofu ya kupoteza wateja. Mteja huanza na ombi dogo: sogeza chungu hiki, ondoa tawi hili, nikorogee zege kidogo la kuziba hapa. Kila ombi ni la nusu saa, na kulikataa kunaonekana uchoyo. Uani kama kwetu unahitaji watu wawili kwa saa tatu, na ratiba yao ya siku ni nyumba nne kwa makundi mawili. Nyumba ya kwanza ikichukua saa moja na nusu zaidi, ya pili hukatwa kwa haraka na pengine haifikiwi kabisa, na mteja huyo wa pili, ambaye hakuomba upendeleo wowote, ndiye anayeubeba upendeleo wa mwenzake. Wakati huohuo petroli imetumika, uzi wa mashine umekwisha, na malipo ni yaleyale. Siku moja kijana wao alianguka kutoka kwenye mwarobaini aliokuwa akiupogoa bila malipo yoyote, akavunjika mkono, na gharama za hospitali zikala mapato ya mwezi mzima. Karatasi iliandikwa wiki iliyofuata.

Ninapenda kwamba mipaka hiyo haitumiki kama mlango wa kuombea fedha zaidi. Nimekutana na mafundi ambao neno «hiyo haimo kwenye makubaliano» ni utangulizi wa bei mpya. Hawa, kazi iliyo safu ya kulia hawaifanyi kwa bei yoyote, na kazi iliyo safu ya kushoto haina nyongeza za kushtukiza. Bei yetu ni shilingi 35,000 kwa ziara, ziara tatu kwa mwezi wakati wa masika na vuli, na moja au mbili wakati wa kiangazi. Hulipwa kwa simu siku hiyohiyo ya kazi. Anayekawia kulipa mara mbili huachwa, na hilo nalo limo kwenye karatasi.

Yapo nisiyoridhika nayo. La kwanza ni kanuni ya mvua. Mvua ikinyesha usiku hawakati asubuhi, kwa sababu nyasi zenye maji hujikunja kwenye mashine na magurudumu huacha mifereji kwenye udongo uliolowa. Sababu ni ya kweli, lakini Aprili iliyopita ilituacha siku 19 bila huduma, na hawakuwa na utaratibu wa kumtanguliza aliyekosa zamu. Walimaliza orodha kama ilivyokuwa, na sisi tulikuwa mwisho. Kikundi kinachojua kuweka mipaka kwa wateja kinapaswa kujiwekea mpaka pia, kwa mfano kwamba hakuna nyumba itakayopitisha wiki mbili katika masika.

La pili lilihusu mabaki. Majani yaliyokatwa walikuwa wakiyatia kwenye mifuko na kuyapanga getini, na kazi yao ikaishia hapo. Gari la taka la mtaa wetu hupita mara moja kwa wiki, na wahudumu wake hawakubali mifuko zaidi ya miwili kwa nyumba, ilhali ziara moja ya masika hutoa hadi sita. Kwa miezi kadhaa mifuko ilikaa juani ikinuka. Sehemu ya majani walikubali kuyaacha yakiwa yamekatwakatwa juu ya bustani yenyewe, kwa kuwa huoza na kurudisha rutuba, ila katika masika hayo huwa mengi kupita kiasi na yakiachwa yote hufunika nyasi. Niliwaambia waziwazi kwamba mpaka huu ulichorwa mahali pabaya, kwa sababu mabaki ya kazi ni sehemu ya kazi.

Kuna pia neno moja kwenye karatasi lisiloeleweka, pale wanapoandika kwamba hawakati «miti mirefu». Kijana mmoja alilifasiri kuwa ni mti usiofikika ukiwa umesimama chini, mwingine akasema ni mti uliozidi ngazi yao. Ua wetu wa michongoma una kimo cha kama mita mbili, na kwa ziara mbili mfululizo ulikatwa nusu. Wangeandika kipimo, ubishi huo usingekuwepo.

Ninawapendekeza bila kusita kwa mwenye bustani ya ukubwa wa kati anayetaka nyasi zake zitunzwe vizuri mwaka mzima. Kwa anayetaka mtu mmoja wa kufanya kila kitu, au asiye na wa kumwagilia siku wasipokuwepo, huduma hii haitamfaa, na wao wenyewe watamwambia hivyo kabla hajatoa shilingi.

Mwezi uliopita walituletea karatasi ya mwaka huu. Upande wa kulia umeongezeka mstari unaosema kwamba hawaingii katika nyumba ambayo hakuna mtu mzima, na neno «miti mirefu» limebadilishwa kuwa «chochote kinachozidi mita mbili na nusu». Upande wa kushoto umeongezeka usafirishaji wa majani kwa guta, shilingi 5,000 kwa safari, hadi kwa mfugaji wa ng'ombe wa huko Goba anayeyachukua yakiwa mabichi. Kuhusu siku za mvua hawajaandika lolote, nami nimewakumbusha kwa maandishi.